Mapipa Yaliyopinduliwa

Chumbani kwangu,
Jumatano mchana.

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana zikufikie wewe, Mama, na mwanangu. Hamjambo huko? Goti la Mama linaendeleaje? Natumaini sasa limeanza kumtii, maana kwa ninavyomjua mama yetu, hata hilo goti analigombeza kila asubuhi. Bado anaficha vidonge chini ya mto na kuapa kwamba ameshameza? Mwambie mwanawe wa pili anamjua vizuri sana. Na mwanangu je, ameizoea shule ya huko? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka pamoja na kelele zake zote.

Mimi ni mzima kiasi. Nasema kiasi kwa sababu jino moja la mbele limenitoka na shingo haigeuki upande wa kushoto, kwa hiyo mtu akiniita kutoka huko inabidi nizunguke mwili mzima kama lori. Lakini usishtuke. Mdomo wenyewe bado unafanya kazi, na ndiyo maana unapata barua hii.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Dada, simu yako Mama huiweka sauti ya juu, halafu anajibu yeye kabla yako. Na wewe mwenyewe, nikitaja neno moja baya juu ya mumeo unanikatiza, unaniambia ana hasira za karibu lakini moyo wake ni mweupe. Barua haikatizwi. Nampa mshonaji, jirani yangu wa mlango wa pili, anayekuja huko kumwona mwanawe. Nimemwambia aitie mkononi mwako wewe, si mwa Mama. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho, hata kama utanichukia ukiwa katikati.

Tangu uende huko kumuuguza Mama umeniuliza mara nyingi kama ni kweli shemeji alianguka kutoka juu ya lori, na kila mara nikakujibu ndiyo, anapona, usiwe na wasiwasi. Nilikudanganya. Hakuanguka popote. Lile jeraha la kichwani alilipata kwenye vita, na vita vyenyewe vilianzia kwenye mapipa ya taka.

Unakumbuka ulivyocheka nilipoacha kuuza nguo nikaingia kwenye udalali wa taka? Ulisema umewasikia madalali wa nyumba, wa viwanja, hata wa wachumba, lakini dalali wa uchafu hujapata kumwona tangu uzaliwe. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Haya, cheka, lakini ndiyo kazi iliyonilisha. Mwenye biashara hana muda wa kumtafuta mzoaji, kumbembeleza, na kumkimbiza asipotokea. Mimi naingia dukani kwake, nauliza anatupa nini, kwa wingi gani, na kinaanza kunuka baada ya muda gani. Saluni inaweza kungoja wiki nzima. Bucha haiwezi kungoja kesho. Sindano za zahanati haziingii kwenye lori la mtu yeyote tu, zina mtu wake mwenye kibali. Nikishajua hayo namtafuta mzoaji anayefaa, nawakutanisha, na tangu hapo mimi nabaki katikati kama nyama ya sambusa. Mwenye duka akinung'unika ananung'unikia mimi, mzoaji akinuna ananinunia mimi.

Mumeo nilimpa mtaa wa mabucha, mtaa ambao kila mzoaji mjini hapa angeuota. Nilimpa kwa sababu wewe uliniomba. Sisemi hivi kukulaumu, dada, nasema tu ilivyokuwa. Uliniambia mwanamume akiwa na kazi ya uhakika hutulia nyumbani. Wala sikukuuliza, atulie kutoka kwenye nini. Nilikuona umevaa mikono mirefu siku ya joto kali, nikakutania kwamba umeanza ubibi.

Sasa nikueleze jambo ambalo mtu asiye wa kazi yetu hawezi kulijua. Kila mzoaji ana rangi yake. Mumeo ni bluu. Pipa likiwa na rangi ya bluu, limesimama mdomo juu, hilo ni la mumeo, na mzoaji mwingine ataliruka hata likifurika mpaka barabarani. Lakini mwenye biashara akimchoka mzoaji wake hana haja ya kugombana naye. Analipindua pipa mbele ya mlango, mdomo chini, basi. Kila mzoaji anayepita anajua kwamba huyu amemwacha wake, na atakayewahi ndiye mwenyewe. Hakuna ofisi iliyoandika sheria hiyo, lakini wazoaji wanaiheshimu kuliko taa za barabarani.

Pale mtaani akahamia mwenye bucha mpya, baba mmoja mnene, mpole, mwenye aproni nyeupe pe kama daktari. Nilimwingiza mimi mwenyewe kwa mumeo. Nilimweleza siku za kuzoa, nikamweleza asimwage damu na maji kwenye pipa kwa sababu pipa litaoza chini. Kumfundisha mgeni desturi za mtaa ni kazi ya dalali. Lakini la kupindua sikulitaja. Jamani, nani angefikiri kuna mtu duniani anayeosha pipa la taka?

Basi yeye akaosha. Alisikia bwana afya atapita kukagua, na Jumapili moja, mtaa ukiwa umefungwa na wenzake wote wamelala makwao, akaja na wafanyakazi wake, sabuni na maji ya moto. Akasugua pipa lake mpaka likang'aa. Halafu kwa wema wake, na Mungu anajua ulikuwa wema mtupu, akasugua na ya majirani. Na pipa likishaoshwa linawekwaje likauke? Hata wewe ungelipindua. Akayapanga mbele ya milango, mtaa mzima, midomo chini, akaenda zake nyumbani kula.

Aliyepita akawa Beleshi. Huyu humjui. Alikuwa mzoaji wa mtaa wa pili, wa rangi ya kijani, na tulimwita hivyo kwa ajili ya viganja vyake, vipana ajabu. Mtu wa utani, mwenye kicheko kinachosikika kabla hajafika. Aliponisimulia baadaye, alisema aliona mapipa yale akadhani anaota. Mtaa wote umemwacha mtu mmoja kwa siku moja! Akajisemea kwamba jamaa huyu lazima amewatukania wazazi wao. Hakuchelewa. Alileta rangi ya kijani, akayapaka yote, akayasimamisha mdomo juu. Jumatatu alfajiri akaja na trela lake na wafanyakazi wake wakaanza kuzoa mifupa.

Mumeo alipofika na lori niliitwa kwa simu na mwuza chai wa pale pembeni. Nilikimbia na kandambili. Nilipofika, shemeji alikuwa hajasema hata neno moja, na watu wote waliokuwapo watakuambia hivyo. Hakuuliza. Hakutukana. Alishuka, akaenda nyuma ya lori, akachomoa ule mtaimbo wa kufungulia mlango, akamwendea mfanyakazi wa Beleshi aliyekuwa amempa mgongo, ameinamia pipa. Alimpiga gotini kwa nyuma. Nilisikia mfupa ukilia, dada, nikiwa ng'ambo ya barabara. Yule maskini hakupiga kelele mara moja. Alitazama mguu wake kwanza, ukiwa umekunjwa kule mguu usikokunjwa, ndipo akapiga kelele.

Hapo tena ikawa vurugu. Beleshi aliugeuza uma wake wa kuzolea, meno ya uma yakiwa mbele, akamkabili mumeo. Wapakiaji wa mumeo wakaruka na mabeleshi. Wenye mabucha walitoka na visu mkononi, si kwa kupigana, walikuwa kazini tu, lakini kisu mkononi katika purukushani nani anauliza ni cha nini? Mmoja alikatwa vidole na kisu chake mwenyewe aliposukumwa. Uma ulimpata mumeo juu ya sikio ukamchana mpaka kwenye paji. Mimi, na kiherehere changu, nikajitia katikati nikipiga kelele kwamba ni kosa, yameoshwa, yameoshwa tu! Mpini wa beleshi ukanipata mdomoni. Niliona nyota mchana kweupe. Nilipoinuka jino lilikuwa limeshakwenda, na yule baba mnene wa bucha mpya alikuwa amekaa kizingitini kwake, ameshika kichwa, akilia kama mtoto, akimwambia kila mtu kwamba alitaka kusaidia tu.

Ukiniuliza, mambo yangeishia hapo. Mumeo alishonwa kichwa, mfanyakazi wa Beleshi akafungwa plasta mguu mzima. Mimi nikafanya kazi ya dalali. Nilikwenda kwa Beleshi na mdomo umevimba, nikamweleza habari ya sabuni na maji ya moto. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema ama kweli usafi unaua. Akasema mtaa si wake na hakuwa na haja ya kung'ang'ania kitu cha mtu. Kwa desturi yetu, aliyechukua pipa kwa makosa hulipaka rangi ya mwenyewe kwa mkono wake, mbele ya mwenyewe, na hapo ugomvi umekwisha. Beleshi akakubali. Alinunua rangi ya bluu yeye mwenyewe.

Tulikutana kwa mwuza chai. Shemeji alikuja, amefungwa bandeji, akampa Beleshi mkono, akanywa chai naye. Alicheka hata. Alimwuliza habari za yule mwenye goti, akasikitika. Nilijisikia vizuri siku ile, dada, nikajiona mwanamke wa maana mjini, mtu anayepatanisha wanaume. Tukatoka uani, ambako lori lilikuwa limesimama na mumeo ameshusha pipa moja kutoka mtaa wa mabucha, limejaa. Wapakiaji wake aliwatuma wakale. Beleshi akachutama, akalipaka pipa bluu taratibu, akalizunguka lote, hakuacha hata doa la kijani. Akasema haya, ndugu yangu, chukua mali yako.

Mumeo akamshukuru. Kisha akamwomba amsaidie kuliinua walimimine ndani ya lori, kwa kuwa kichwa bado kinamuuma. Wakaliinua pamoja. Unalijua lori lenu, nyuma kuna lile bamba la chuma linaloshuka na kuzisukuma taka ndani. Beleshi alikuwa ameingiza mkono wa kulia mpaka begani kulizuia pipa lisitumbukie. Nikamwona shemeji akimkandamiza bega kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akavuta kishikio.

Lile bamba haliendi haraka, dada. Ndilo ninaloliota. Lingekuwa la haraka ningesema mtu alipandwa na hasira, dakika ikapita, basi. Lakini linashuka polepole, linanguruma, na muda wote huo anaweza kuacha. Beleshi mwanzoni alidhani ni utani, nakuapia, alicheka kidogo. Kisha akaanza kuvuta. Kisha akamwita mumeo ndugu yangu, ndugu yangu. Mumeo alimtazama usoni mpaka bamba lilipofika. Nilikirukia kile kitufe chekundu cha kusimamisha, shemeji akanipiga teke la tumbo nikaanguka kwenye rangi. Nikainuka, nikakirukia tena, na safari hii nikakibonyeza, nikalirudisha bamba juu. Kilichotoka mle ndani sitakuandikia. Kuanzia kwenye kiwiko hakukuwa na mkono, kulikuwa na kitu cha kwenye bucha. Na Beleshi alikuwa bado amesimama. Alikuwa akiutafuta mkono wake kwa macho, ndani ya mifupa ya ng'ombe, na alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba uko humo, nimtolee.

Watu walikuja, wakamfunga kwa shuka, wakamkimbiza hospitali. Shemeji akawaambia mashine imemnasa, bahati mbaya, alimwonya asiingize mkono. Aliongea kwa huruma, machozi yakimlengalenga. Kisha akanishika mkono kana kwamba ananisaidia, akanipandisha kwenye lori, akaendesha hadi dampo. Mzigo lazima umwagwe, alisema, mabucha hayangoji.

 Kule dampo, katikati ya ule moshi, alinishusha, akanikaba shingo na kunisukuma mpaka ukingoni, pale lori linapomwaga. Aliniambia hapa vitu vingi vinafukiwa na hakuna anayeuliza. Akaniambia nikiulizwa nitasema nilikuwa nimetazama pembeni. Halafu, dada, alinilegezea shingo akaanza kunieleza kwa upole, kama mwalimu. Alisema mimi ni mbishi sana, bora nijifunze kwa dada yangu. Kwamba wewe mara ya kwanza ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mara ya pili ulilia kimya. Siku hizi hulii kabisa, na nyumba ina amani. Watu hujifunza, alisema, ni kuwapa muda tu.

Wakati wa kurudi nilikaa kwenye lori lile nikakumbuka kila kitu kwa pamoja. Kifundo cha mkono ulichosema kilibanwa na mlango. Jicho ulilogonga kwenye kabati. Nilikuwa nakutania, ewe dada yangu! Nilikuwa nasema nyumba yenu ina kabati kali kuliko mbwa. Na ulikuwa unacheka na mimi. Nimejilaumu mpaka nimechoka, na bado naendelea.

Lakini sikuwa shujaa. Polisi walipokuja nilisema nilikuwa nimetazama pembeni. Mwuza chai alisema alikuwa anachemsha maziwa. Beleshi mwenyewe aliwaambia ukweli kutoka kitandani, wakamjibu kwamba mashine hunasa watu kila siku na yeye ana homa. Homa ilikuwa kweli. Uchafu wa mle ndani ya lori uliingia kwenye damu, wakamkata hadi begani, haikusaidia. Nilikwenda kumwona siku ya mwisho. Chumba kizima kilinuka. Alinitambua. Hakunilaumu, alisema tu kwamba kile kiganja kisichokuwapo kinamwasha, akaniomba nimkune. Nikakuna shuka, dada, pale ambapo kingekuwapo, nikimdanganya kwamba nimekipata. Alifariki asubuhi iliyofuata.

Kifo kilimtisha mumeo. Alitoweka na lori siku hiyohiyo. Akawa ananipigia kwa namba hizi na zile, na kila mara swali lake lilikuwa moja tu, kama umesema lini unarudi, maana kukupigia wewe aliogopa Mama asisikie. Siku moja akaniambia niende nyumbani kwenu nikamchukulie nguo, akanielekeza ufunguo ulipo. Nilikwenda kwa woga tu. Nikaingia chumbani kwenu, nikafungua kabati, nikakunja mashati yake. Nilipogeuka kutoka ndipo nikaona komeo. Komeo la chuma, jipya, lile la kufungia ghala. Liko upande wa nje wa mlango wa chumba. Nikaufunga mlango nikiwa ndani nitazame upande wa pili. Rangi imekwanguliwa kwa kucha. Imekwanguliwa juu, kwa kimo chako, na imekwanguliwa chini, kwa kimo cha mwanangu.

Dada, sijui nilikaa kwenye sakafu ile muda gani. Nilipoinuka niliyaacha mashati palepale, nikaenda moja kwa moja polisi. Niliomba askari wa kike. Nikamweleza habari ya bamba, kishikio, kitufe, kila kitu, na nikaweka sahihi yangu. Habari ya komeo sikumweleza. Hiyo si yangu kuisema, ni yako.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu hii tangu asubuhi. Polisi hawakujua pa kumpata, na mimi nilijua kitu kimoja tu kitakachomtoa mafichoni. Alipopiga simu tena, nilimwambia umenipigia. Nilimwambia umemkumbuka, unarudi kesho mchana kwa basi pamoja na mtoto, na hutaki ajue kwa sababu unataka kumshtukiza. Nilikitumia kinywa chako, dada. Nilimwambia kwamba umesema hutaki mtu mwingine aje kuwapokea isipokuwa yeye.

Akaja stendi. Nilikuwa nimekaa dirishani kwenye duka la mkate, na yule askari pembeni yangu amevaa kiraia. Mumeo amenyoa nywele, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ameshika pakiti ya biskuti za mtoto. Kila basi lilipoingia alikwenda hadi mlangoni, akatazama kila anayeshuka mpaka wa mwisho, akarudi kivulini. Alikuwa akijipangusa jasho ili usimkute ana jasho. Walipomshika hakupigana. Aliwaomba wamngoje kidogo tu, basi linalofuata lina mke wake. Alilirudia hilo kwa adabu kabisa, mke wangu yuko njiani, mpaka aliponiona mimi dirishani. Hapo akaelewa. Walihitajika askari watano kumwingiza garini, na mmoja wao sasa ana jicho moja lililofungwa, hawajui kama litaona tena.

Nililia, siwezi kukuficha. Nilimlilia Beleshi, nikakulilia wewe, na Mungu anisamehe, nikalilia na lile shati jeupe. Najua ulimpenda. Najua huenda unampenda hata sasa unaposoma mstari huu, na kwamba ile pakiti ya biskuti itakuuma kuliko yote niliyoandika. Ningeweza kuiacha nisiiandike. Nimeiandika kwa sababu ndugu zake watakuja huko kukuambia habari hiyo, na nilitaka uisikie kwangu kwanza.

Watakuja, dada. Watakaa kitako mbele ya Mama, watasema haya ni mambo ya nyumbani, watakuomba uje ukae upande wa mumeo mahakamani ukiwa umemshika mtoto mkono, na uniambie mimi mdogo wako niyafute maneno yangu. Nakujulisha mapema: sitayafuta. Ukija ukakaa upande wake, nitasimama niseme nilichokiona huku nikikutazama wewe, na nikimaliza nitakungoja nje kama uko tayari kunisemesha. Na kama hutakuwa tayari, nitakungoja siku nyingine.

Lakini nakuomba usije. Kaa hapo na Mama, goti lipone lisipone. Kazi ipo, hata huko kuna mabucha na saluni, nitakufundisha. Mtoto yuko shule, analala mlango wazi, sivyo? Mwache alale hivyo. Kama yote haya ulikuwa ukiyajua kabla yangu, na ninaogopa kwamba ulikuwa ukiyajua kila siku niliyokaa sebuleni kwako nikinywa chai na kupiga soga, basi nisamehe, dada yangu, kwa kuchelewa kiasi hiki.

Nisalimie Mama sana, na mwambie amwache mshonaji apumzike, asimpe kazi ya kushona mapazia. Mbusu mwanangu mashavu yote mawili. Barua hii ukiisha kuisoma ichane. Nijibu hata kwa neno moja, hata kama ni tusi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Dalali